Kinga Yako na Kipimo Chako

USALAMA NA AFYA



Leo hatutazungumza juu ya baruti, wala asidi, wala mashine za kiwandani. Tutazungumza juu ya chombo kinachosimama ukutani nyumbani kwako: baisikeli, au kinga kama tunavyoiita hapa Likasi. Watu wa pwani wakisema neno hilo "kinga", wanataka kusema kile kinachomlinda mtu asipatwe na hatari. Maneno hayo mawili yamekutana kwa bahati tu, lakini yanatupa somo zuri. Kinga inayolingana na mwili wako inakulinda. Kinga isiyolingana nawe inakuleta kwetu dispansari.

Utasema: "Baisikeli nani asiyeijua? Babangu aliipanda, nami naipanda tangu utoto." Ni kweli. Lakini nikuulize maswali matatu. Ukikaa kwenye kiti chako, unaweza kushusha mguu na kugusa ardhi bila kuinamisha baisikeli nzima? Mtoto wako, anaposimamisha baisikeli aliyopewa, anaisimamisha kwa breki au kwa kuruka? Na magoti yako, yanayouma kila jioni, umewahi kujiuliza kama ni uzee au ni kiti kilichowekwa chini mno? Kama huna jibu, endelea kusoma.

"ATAKUA NAYO"

Tatizo letu linaanzia sokoni. Baba amepata mshahara, mtoto amefaulu shuleni, inatafutwa zawadi. Baisikeli ya kipimo cha mtoto inaonekana ghali, tena baada ya miaka miwili itakuwa ndogo. Pembeni iko kinga ya mtu mzima, ya magurudumu ya inchi 28, imetumika lakini chuma chake bado kizima. Baba anapiga hesabu na kusema: "Haidhuru, atakua nayo."

Ndivyo tunavyonunua viatu na kaptula. Lakini kiatu kikubwa kikimzidi mtoto, kitamvuka tu. Baisikeli kubwa ikimzidi, itamtupa.

Mmekwisha kuwaona watoto hao katika njia za Kikula na Panda. Mtoto hafiki kwenye kiti, basi anapitisha mguu mmoja katikati ya fremu, chini ya bomba la juu. Mwili umejipinda kama mti uliopigwa na upepo. Mkono mmoja umeshika usukani, mwingine umekumbatia kiti. Watu wazima wanacheka na kusema ni hodari. Hodari ni kweli, lakini tazama vizuri: ni mkono gani utakaovuta breki? Ni mguu gani utakaogusa ardhi? Hakuna. Mtoto huyo hana njia ya kusimama ila kuanguka.

Nawapa mfano mmoja, bila jina. Mtoto wa miaka tisa alianguka na baisikeli ya baba yake kwenye mteremko mdogo. Hakuvunjika mfupa, hakutoka damu. Usukani uligeuka, na ncha yake, iliyokosa kile kifuniko cha mpira, ikampiga tumboni upande wa kushoto. Alinyanyuka, akapanguza machozi, akaenda kucheza. Usiku tumbo likauma. Asubuhi midomo ilikuwa imepauka na moyo unapiga mbio. Bandama ilikuwa imepasuka, naye alikuwa akitoka damu ndani ya tumbo. Mama yake hakungoja. Alimleta mara moja, akapelekwa hospitali, akapasuliwa, akapona. Angengoja mpaka mchana, labda tungesema habari nyingine.

Mzazi, shika jambo hili. Katika nchi yetu yenye malaria, watoto wengi wana bandama iliyovimba. Bandama iliyovimba hupasuka upesi kuliko iliyo ya kawaida. Kwa hiyo pigo la usukani tumboni si jambo la kucheka, hata kama ngozi haina alama.

BABU WA BAISIKELI YAKO

Kabla ya kupima, tutazame nyuma kidogo, maana historia ya baisikeli ni historia ya usalama.

Mnamo 1817, katika mji wa Mannheim nchini Ujerumani, Karl Drais alitengeneza chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, moja mbele na moja nyuma. Hakikuwa na pedeli wala mnyororo. Mtu alikaa katikati akasukuma ardhi kwa miguu yake, kama anayetembea amekaa. Pedeli zilikuja katika miaka ya 1860 huko Ufaransa, zikafungwa kwenye gurudumu la mbele.

Pedeli zikiwa kwenye gurudumu lenyewe, kila mzunguko mmoja wa mguu ni mzunguko mmoja wa gurudumu. Aliyetaka mwendo alitaka gurudumu kubwa. Katika miaka ya 1870 likakua mpaka likafika karibu mita moja na nusu kwenda juu, na mpandaji alikaa juu yake kama mtu aliyekaa juu ya ukuta. Siku hizo ulipokwenda kununua, kipimo kilikuwa mguu wako: mguu mrefu, gurudumu kubwa, mguu mfupi, gurudumu dogo. Gurudumu likigonga jiwe, mpandaji aliruka kichwa mbele. Wengi waliumia vibaya.

Ndipo mwaka 1885 Mwingereza John Kemp Starley, wa mji wa Coventry, akatoa baisikeli yenye magurudumu mawili yanayokaribia kulingana, na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Mpandaji alishuka chini, miguu yake ikawa karibu na ardhi. Waingereza waliiita kwa jina lenye maana ya "baisikeli ya usalama". Kinga uliyo nayo nyumbani ni mjukuu wake. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, akiwa Belfast, alipata haki ya mpira wa kujazwa hewa, alioutengeneza kwanza kwa ajili ya kibaisikeli cha mtoto wake. Dunia nzima ikataka mpira, na mababu zetu wa misituni, katika Kongo ya Leopold wa Pili, waliulipia mpira huo kwa mateso makubwa. Hilo tusilisahau tunapojaza upepo.

Hata wachezaji wa sarakasi, wale wanaopanda gurudumu moja tu lisilo na usukani, hawachukui lolote. Mtu mzima anayeanza hupewa gurudumu la inchi 20, dogo na la polepole, na kiti hupandishwa mpaka mguu unapokaribia kunyooka pedeli ikiwa chini. Magurudumu makubwa, ya inchi 26 na hata 36, ni ya wale waliokwisha kujua. Ikiwa wale wenye ujuzi wa kustaajabisha wanapima kwanza, sisi ni nani tusipime? Wahenga walisema: kila ndege huruka kwa ubawa wake.

PIMA MWILI KWANZA, BAISIKELI BAADAYE

Utahitaji futi ya kupimia, kitabu kigumu, na mtu wa kukusaidia.

Kipimo cha kwanza: mguu wa ndani. Simama bila viatu, mgongo ukutani, miguu imeachana kidogo. Weka kitabu katikati ya mapaja, mgongo wa kitabu ukielekea juu, ukipandishe mpaka kikugonge, kama vile umekaa kwenye kiti. Mwenzako apime kutoka ukingo wa juu wa kitabu mpaka sakafuni. Andika hesabu hiyo. Tuseme umepata sentimita 80.

Kipimo cha pili: bomba la juu. Pima kutoka ardhini mpaka ukingo wa juu wa lile bomba linalotoka kwenye kiti kwenda kwenye usukani. Ukisimama juu ya baisikeli, nyayo zote mbili chini, nafasi kati yako na bomba iwe sentimita 3 mpaka 5. Kwa mguu wa sentimita 80, tafuta bomba la kimo cha sentimita 75 mpaka 77. Kama bomba linakugusa, fremu hiyo si yako, hata kama bei ni nzuri. Siku utakaposimama ghafla na kuteleza mbele ya kiti, utaelewa kwa nini, na wanaume hawahitaji maelezo zaidi.

Kipimo cha tatu: kimo cha kiti. Kaa kwenye kiti, mwenzako akushikilie. Weka kisigino juu ya pedeli, pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu uwe umenyooka bila wewe kuinama upande. Ukiweka sasa mbele ya wayo, mahali pake pa kukanyagia, goti litakunja kidogo tu. Hapo ndipo. Ukipenda hesabu, zidisha mguu wako wa ndani kwa 0.88. Kwa sentimita 80 utapata 70 na kidogo: ndio urefu kutoka katikati ya ekseli ya krenki, ukifuata bomba, mpaka juu ya kiti. Anayejifunza asitumie kimo hiki bado. Yeye ashushe kiti mpaka nyayo zote mbili zikae chini.

Angalia pia bomba la kiti. Lina alama ya mwisho wa kupandisha. Alama ikionekana nje, umevuka mpaka, na bomba linaweza kuvunjika au kupasua fremu.

Kipimo cha nne: mikono. Ukishika usukani, viwiko vikunje kidogo. Mikono iliyonyooka kama fimbo ni alama kwamba usukani uko mbali. Vidole vifikie breki bila kuachia usukani. Kwa mtoto, hili ndilo jambo la kwanza kabisa: breki ambayo vidole haviifikii si breki.

Kwa watoto, magurudumu huhesabiwa hivi. Inchi 12 ni kwa wadogo kabisa, miaka 2 mpaka 4. Inchi 16, miaka 4 mpaka 6. Inchi 20, miaka 6 mpaka 9. Inchi 24, miaka 9 mpaka 12. Inchi 26 na 28 ni za wakubwa. Lakini umri ni mwongozo tu. Hakimu ni mguu. Mzazi mwenye watoto wengi asiogope gharama: baisikeli ya inchi 20 itarithiwa na mdogo wake, halafu na binamu yake. Majirani watatu wakinunua moja na kuzungusha, hakuna aliyefilisika.

MWILI UNASEMA

Mwili ukikaa vibaya juu ya baisikeli, hulalamika. Usikilize. Goti likiuma upande wa mbele, mara nyingi kiti kiko chini mno. Likiuma nyuma, au kiuno kikiyumba kulia na kushoto kila unapokanyaga, kiti kiko juu mno. Mikono ikifa ganzi, umelalia usukani; uinue, au usogeze kiti. Sehemu za siri zikifa ganzi, ncha ya kiti imeinuka. Kiti kilale sawasawa kama meza.

Fundi mwenye spana atarekebisha haya yote kwa dakika chache. Vidonge vya maumivu havirekebishi kiti.

JIFUNZE KAMA BAISIKELI ILIVYOZALIWA

Sasa tuje kwa anayeanza. Wengi tulifundishwa kwa kukimbizwa: kaka anashika kiti, anakimbia, halafu anaachia kimya kimya. Kuna njia iliyo bora, nayo inafuata historia tuliyoisoma: kwanza magurudumu bila pedeli, kama ya Karl Drais, halafu pedeli.

Tafuta uwanja mpana, mbali na magari, wenye majani mafupi au udongo mgumu na mteremko mdogo sana. Mji wetu una vilima vya kutosha. Usichague kile kikali. Vaa viatu vilivyofungwa. Fungia suruali au kitenge mbali na mnyororo na spoki. Mama mwenye mtoto mgongoni amwache kwanza kwa jirani.

Siku ya kwanza, fungua pedeli zote mbili. Angalia: pedeli ya kulia inafunguliwa kama skurubu zote, lakini ya kushoto ni kinyume, unaizungusha kufuata mwendo wa saa. Ukilazimisha vibaya utaharibu uzi wake. Shusha kiti mpaka nyayo zikae chini. Kisha kaa na utembee, baisikeli katikati ya miguu. Jifunze breki hapo hapo, ukiwa bado polepole: tembea, vuta, simama. Mara ishirini. Mtu hajajua kupanda kama hajajua kusimama.

Halafu ongeza hatua. Sukuma, inua miguu, uteleze. Mwanzo utateleza mita moja, kisha tatu, kisha kumi. Siri ya kutoanguka ni hii: ukihisi unaangukia kushoto, geuza usukani kidogo kushoto, ukihisi kulia, geuza kulia. Magurudumu yatarudi chini yako. Anayeogopa hufanya kinyume, akaanguka. Tena macho yatazame mbali, si kwenye gurudumu. Anayetazama shimo huingia shimoni.

Ukiweza kuteleza mteremko wote miguu ikiwa juu, na kukata kona pande zote mbili, rudisha pedeli. Weka moja mbele na juu kidogo, kama akrabu ya saa inayoonyesha saa nane ya kwetu. Kanyaga kwa nguvu, mguu wa pili ufuate. Watoto wengi hushika mwendo huo kwa siku chache tu. Watu wazima huchukua muda zaidi, si kwa sababu ya mwili, bali kwa sababu ya aibu. Mzee wangu, mama yangu, aibu haijamvunja mtu mkono. Anza asubuhi mapema kabla watazamaji hawajaamka. Haraka haraka haina baraka.

Baada ya hapo, pandisha kiti kidogo kidogo, siku kwa siku, mpaka kimo chake kamili. Na kabla ya kutoka barabarani, mwanafunzi afaulu mitihani minne: kwenda sawasawa kwenye mstari, kutazama nyuma bila kuyumba, kunyoosha mkono mmoja kuonyesha njia, na kusimama mahali palipochorwa.

BARABARANI

Njia kubwa ya Lubumbashi kwenda Kolwezi inapita kwetu, na malori ya shaba na kobalti yanapita mchana na usiku. Nchi yetu inakwenda kwa mkono wa kuume, lakini madereva wengi wanatoka Zambia, Tanzania na Afrika Kusini, wamezoea mkono wa kushoto. Usidhani dereva anajua utakachofanya. Usijipenyeze pembeni mwa lori linalotaka kukata kona. Kanuni ni rahisi: kama huoni uso wa dereva kwenye kioo chake, naye hakuoni.

Wakati wa mvua, kuanzia Novemba, breki za kubana rimu hushika kwa shida. Anza kusimama mapema, na zivute kidogo kidogo ili rimu ikauke. Kwenye mteremko tumia breki mbili pamoja. Ya mbele peke yake, ikivutwa kwa nguvu, inaweza kukupindua. Shimo lililojaa maji halina urefu unaoujua, kwa hiyo lizunguke. Wakati wa kiangazi, vumbi la lori moja linakuficha usionekane kabisa: simama kando mpaka litue.

Anayetoka zamu ya usiku awe na taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, na koti lake la kazi lenye mistari inayong'aa. Akisikia usingizi, ashuke asukume. Aliyekunywa pombe, hasa lutuku, asukume pia, tena upande wa ndani wa njia.

Kofia ya kazini je? Ile imetengenezwa kuzuia kitu kinachokuangukia kutoka juu. Haikutengenezwa kwa kichwa kinachopiga lami kwa ubavu. Kofia ya baisikeli ndiyo ya kazi hii. Ifungwe chini ya kidevu, ikae sawa juu ya paji la uso, vidole viwili juu ya nyusi. Iliyokwisha kupata pigo kubwa haifai tena.

MZIGO NA ABIRIA

Ndugu zetu wanaoleta makala, yaani makaa ya miti, kutoka porini, wanasukuma magunia yanayozidi uzito wao wenyewe. Kazi yao tunaiheshimu, maana ndiyo inayopika bukari letu. Kwao naomba mambo mawili. Kwenye mteremko usipande juu ya mzigo. Tembea kando, breki mkononi. Na funga mzigo chini, sawa pande zote, usizuie usukani kugeuka.

Kwa mtoto anayebebwa kwenye karia, hatari ni mguu. Mguu mdogo hunaswa na spoki mara moja, gurudumu linasimama, na nyama ya kisigino huchanika. Weka vibao vya kukanyagia, na funika spoki kwa kitambaa kigumu au plastiki iliyofungwa imara. Mtoto ambaye hawezi kukaa mwenyewe asibebwe kwenye karia.

UKIANGUKA

Hata aliyepima vizuri huanguka. Basi fanya hivi.

Jeraha lioshwe mara moja kwa maji safi mengi na sabuni, mchanga wote utoke. Usiweke udongo, majivu wala mafuta ya breki. Funika kwa kitambaa safi. Njoo dispansari tuangalie chanjo yako ya pepopunda, maana kidudu chake hukaa udongoni.

Kifundo cha mkono kikivimba na kuuma baada ya kuangukia kiganja, usikivute wala usikikande. Kifunge juu ya ubao mdogo, uje.

Mguu ulionaswa na spoki usichomolewe kwa nguvu. Zungusha gurudumu nyuma polepole, au kata spoki.

Aliyepiga kichwa atazamwe saa 24, asiachwe peke yake. Mlete upesi, hata usiku, ukiona moja kati ya haya: alizimia, anatapika tena na tena, anasema maneno yasiyoeleweka, anasinzia na haamki vizuri, anashtuka kwa kifafa, mboni za macho hazilingani, au maji na damu vinatoka puani au masikioni.

Aliyepigwa tumboni na usukani aletwe siku hiyo hiyo. Maumivu ya tumbo au ya bega la kushoto, kupauka, jasho baridi na kizunguzungu ni alama za damu inayotoka ndani. Usimpe chakula. Usingoje asubuhi.

KATA SEHEMU HII, UIBANDIKE PENYE BAISIKELI

1. Nikisimama juu ya baisikeli, bomba halinigusi.
2. Kisigino juu ya pedeli ya chini, mguu umenyooka. Anayejifunza: nyayo zote mbili chini.
3. Vidole vinafika breki, na breki mbili zinashika.
4. Ncha za usukani zina vifuniko vya mpira. Kama hakuna, funga kipande cha tyubu ya zamani leo hii.
5. Magurudumu yana upepo, kiti hakichezi, mnyororo haukulegea.
6. Kengele inalia, taa zinawaka.
7. Watoto wangu wanapanda baisikeli ya kipimo chao.

Ndugu msomaji, mambo haya saba hayachukui hata muda wa kunywa chai. Mwenye baisikeli na afanye ukaguzi huo jioni hii, na mwenye mtoto na futi ampime kabla ya kumwahidi zawadi. Na ile kinga kubwa ya inchi 28 inayomngoja mwanao? Iweke ukutani. Akikua, ataikuta, naye atakuwa mzima wa kuipanda.

Kazi njema na safari njema.